Mifuko Mitupu Kwenye Njia ya Ndege

Kwa miaka ishirini na saba, kabla ndege ya kwanza ya asubuhi haijawasha injini, mtu mmoja alitembea kwa miguu kwenye lami ndefu ambayo ndege zingekimbia na kuruka. Alianzia magharibi akamalizia mashariki, mwendo wa kilomita mbili na ushei, kopo mkononi, macho chini. Kazi yake ilikuwa kuokota. Skrubu iliyochomoka kwenye gari la mizigo, kokoto, kipande cha mpira wa tairi, kunguru aliyekufa, kifuniko cha chupa kilichopeperushwa kutoka kantini: vyote viliingia koponi. Injini ya ndege haichagui. Ikikutana na skrubu huimeza kama inavyomeza hewa, na skrubu moja inaweza kuiangusha ndege yenye watu mia moja. Watu mia moja hao, wakiwa bado wanakunywa chai ukumbini na kugombania nani akae dirishani, walikuwa mikononi mwa mtu aliyevaa kizibao cha njano na viatu vya viraka, wala hawakuwa na habari.

Kopo lenyewe lilikuwa la maziwa ya unga. Ndiyo maana wenzake walimwita Mzee Kopo, na jina likamganda. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Hata mkewe akipandisha hasira alimwita "wewe Kopo".

Anayedhani ilikuwa kazi ya kuinama na kuinuka hajaifanya. Ilikuwa na ufundi wake.

"Jua likiwa bado chini," Mzee Kopo alikuwa akiwaambia wageni wa kazi, "kila kitu kina kivuli kirefu kuliko chenyewe. Skrubu ya ukubwa wa punje ya mchele inakutupia kivuli cha kidole kizima. Basi elekea jua, tafuta vivuli. Ukingoja mpaka saa tatu, utaipita skrubu unapiga mluzi."

Njia ya kiwanja kile ilikuwa imelala magharibi kwa mashariki, kana kwamba aliyeichora alimfikiria mtu wa kopo. Asubuhi jua lilichomoza mwisho wake, pale hasa, na vivuli vyote vikaja kumlaki mkaguzi miguuni.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, nayo aliitunga yeye mwenyewe. Langoni, pale panapoingilia njiani, aligongelea rafu ya mbao. Kila aliyetaka kukanyaga lami ile aliacha hapo vilivyokuwa mifukoni mwake: funguo, kalamu, kiberiti, miwani. Mifuko mitupu, alisema, kwa sababu mtu anayeingia kuokota asiwe ndiye anayeangusha. Hakujali cheo. Siku moja alikuja mgeni mkubwa wa serikali, na wasaidizi sita nyuma yake. Mzee Kopo akasimama langoni. "Mheshimiwa, mifuko." Wasaidizi wakakodoa macho. Mheshimiwa akacheka, akatoa kalamu, akatoa leso, na ndani ya leso mlikuwa na meno yake ya bandia. Hadithi hiyo ilikaa kiwanjani miaka, na kila aliyeisimulia aliyaongeza meno.

Hicho ndicho kiwanja kilichokuwepo. Kilikuwa kidogo, kilivuja mvua ikinyesha, na vyoo vyake sitavisifu. Lakini kulikuwa na uzio wa waya ambapo watu walisimama kusindikizana. Mama aliyemsafirisha mwanawe alimwona akivuka lami kwa miguu, akipanda ngazi, akigeuka juu ya ngazi, akipunga mkono. Mama akapunga leso mpaka ndege ikawa nukta, na nukta ikawa hakuna. Akarudi nyumbani amelia akashiba, moyo umetulia. Watu walijua kuagana.

Kisha wakajenga kiwanja kipya, mwendo wa saa nzima nje ya mji. Kioo kuanzia chini mpaka juu, kama duka la kuuza miwani. Ngazi zinatembea zenyewe ili watu wasitembee. Na kusindikizana kumekuwa mlangoni mwa gari, kwa dakika tano, mlinzi anakupigia filimbi usogee. Msafiri akishaingia kwenye kioo, amemezwa. Unarudi nyumbani na mkono wako ambao haukupunga. Wanaita hayo maendeleo, na mimi nimechoka kubishana.

Wiki moja kabla ya ndege zote kuhamia huko, mkuu wa kiwanja alimwita Mzee Kopo ofisini. Mkuu huyu alikuwa mtu wa makamo, tumbo limeanza kumtangulia. Alikuwa ameanza kazi kama mwanafunzi wa ukaguzi, akitembea nyuma ya Mzee Kopo miezi sita, kila asubuhi. Ofisi ilikuwa imeshafungwa kwenye maboksi.

"Karibu, mzee wangu. Kaa."

"Nikae wapi? Viti umevifunga kamba kama mbuzi."

Mkuu akacheka, akakaa kwenye boksi, naye Mzee Kopo akakaa kwenye boksi jingine. Kicheko kilipokwisha, mkuu akawa anakuna goti.

"Huko tunakokwenda kuna gari la ukaguzi. Lina kamera mbele, sumaku chini. Dereva anakaa ndani, anaangalia kioo cha kamera, kitu kikionekana gari linalia. Dakika saba, njia nzima imekaguliwa."

"Na mimi?"

"Ukaguzi wa miguu haumo kwenye mpango wa huko. Wewe utabaki hapa. Mlinzi wa kiwanja cha zamani."

"Nilinde nini? Nyasi?"

"Mzee wangu, usinifanye nijisikie vibaya."

"Mimi sikufanyi. Ukijisikia vibaya ni mwenyewe."

Nje ndege ya mchana ilikuwa inatua, na wote wawili, kwa mazoea, wakasikiliza magurudumu yalivyogusa. Yaligusa vizuri.

"Nipe asubuhi moja," Mzee Kopo akasema. "Ile ya kwanza. Gari lako lipite, liseme njia ni safi. Kisha mimi nipite nyuma yake kwa miguu. Nikiokota kitu ambacho gari limekiacha, ukaguzi wa miguu unabaki, na mimi nabaki nao. Nisipookota, nitakwenda kulinda nyasi zako, na sitakusumbua tena."

Mkuu akamtazama. Pengine alikumbuka ile miezi sita.

"Asubuhi moja," akasema. "Ndege ya kwanza inatua saa mbili kasorobo, na ndani yake kuna wakubwa. Ikifika saa moja na nusu uwe umetoka njiani. Umenisikia?"

"Ningekuwa sisikii ningekuwa mkuu."

Asubuhi ya mwisho ya kiwanja cha zamani ilikuja. Mzee Kopo alitembea njia yake kama kawaida. Karibu na mwisho wa mashariki aliona kivuli kinene, akainama. Ilikuwa nati yenye kutu, ukubwa wa fundo la kidole gumba, nzito. Akaitia koponi, ikalia kama kengele.

Vitu alivyookota vilikuwa na mahali pake. Kwenye kibanda chake alikuwa na kabati la chupa za vioo, kila mwezi chupa yake, na karatasi ya tarehe imebandikwa kwa gundi. Chupa mia tatu na zaidi. Siku hiyo alipofika kibandani akakuta kabati limechukuliwa na vibarua wa kuhamisha, na chupa zote zimemwagwa kwenye pipa la takataka, nje, vioo na skrubu na karatasi pamoja. Hakumgombeza mtu. Vibarua walikuwa wameambiwa wasafishe, wamesafisha. Alisimama na nati mkononi, hana pa kuiweka. Mwishowe akaitia mfukoni.

Alasiri ndege ya mwisho iliondoka. Uzioni walikuja watu wengi kuliko siku zote, hata wasiokuwa na msafiri, wakapunga mikono kwa ndege iliyojaa wageni wasiowajua. Jioni magari yakapanga mstari: ya zimamoto, ya mizigo, ya ngazi, yakatoka langoni moja baada ya jingine, taa zinamulika, yakashika barabara ya kiwanja kipya polepole kama msafara wa bibi harusi mzee. Dereva wa zimamoto, ambaye alikuwa mtani wake mkubwa, akapiga breki mbele yake.

"Kopo! Panda nikupeleke, kesho usije ukachelewa. Huko njia ni ndefu, ukianza leo utafika keshokutwa."

"Nenda na tangi lako. Miaka kumi na tisa hujazima hata jiko la mkaa."

"Ndiyo ujue nalinda vizuri!"

Akaondoka anacheka. Vumbi lilipotulia, kiwanja kizima kilikuwa kimya namna ambayo Mzee Kopo hakuwahi kukisikia.

Nyumbani alikula, akavua nguo za kazi. Mkewe alikuwa mshonaji wa nguo za nyumbani, mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Alipokuwa akikunja suruali ya kazi ili ianikwe kitini, kitu kikagonga sakafu.

"Nati ya nini hii, baba watoto?"

"Ukumbusho."

"Na mfuko umeanza kufumuka. Leta nikupigie uzi."

"Acha, mama. Kesho."

"Wewe na kesho yako." Akairudisha nati mfukoni, akaitundika suruali.

Wazo halikumjia ghafla. Lilipenya kidogo kidogo, kama maji chini ya mlango. Alikuwa akinywa chai yake ya mwisho pale mezani, suruali ikiwa mbele yake imening'inia, mfuko mmoja umevutwa chini na uzito wa ile nati. Akafikiri: gari litapita, litasema safi. Pengine litakuwa kweli safi, njia yenyewe mpya, nani amekwisha kuangusha kitu? Mimi nitapita nyuma. Kopo tupu. Na mfukoni kuna nati. Hakuna atakayeona kama niliinama kuokota au sikuinama.

Akaisukuma chai pembeni. Ishirini na saba, akajiambia, miaka ishirini na saba hujawahi kutia koponi kitu ambacho hukukiokota. Akaenda kulala. Lakini asubuhi alipovaa, hakuitoa nati.

Gari la wafanyakazi liliwafikisha kiwanja kipya mbingu ikiwa bado ya kijivu. Langoni mwa njia hapakuwa na rafu ya mbao. Palikuwa na mlango wa chuma uliofunguka kwa kadi, na pembeni yake gari jeupe la ukaguzi, linang'aa kama sahani ya wageni. Aliyekuwa akiliendesha alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mhandisi, mkaguzi mpya. Alishuka upesi alipomwona mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshapita?"

"Nimepita mara mbili. Safi kabisa." Kisha, kama mtu anayeomba radhi, "Mimi sikuomba mambo haya ya kushindanishwa na wewe. Nilikuwa nataka tu kuiona kazi yako. Nimeambiwa habari za meno."

"Yalikuwa mawili tu. Watu wanazidisha."

Akacheka. Akamfungulia mlango kwa kadi yake, akampa redio ya mkononi ya kuongea na mnara. Mzee Kopo alisimama hatua moja kabla ya lami, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka yote, ukanyanyuka kutafuta rafu. Ukakuta hewa. Hapo ndipo alipopaswa kumwaga mifuko yake. Kama kungekuwa na rafu angefanya bila kufikiri. Kwa kuwa haikuwepo, ilibidi afikiri, na alipofikiri hakufanya. Akaingia.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Njia ile mpya ilikuwa kilomita tatu na nusu, pana, nyeusi, inanukia lami. Akaelekeza uso mbele, akangoja vivuli vimjie.

Havikuja. Jua lilichomoza begani kwake. Wakati wote aliosikia sifa za kiwanja kipya, hakuna aliyemwambia, naye hakuuliza, kwamba njia hii imelazwa kaskazini kwa kusini, kwa ajili ya upepo wa uwanda ule. Kivuli chake mwenyewe kilianguka ubavuni, kirefu, kinamfuata kama mbwa wa jirani. Upande wa kulia, penye kivuli hicho, hakuona kitu. Upande wa kushoto mwanga ulimchoma jicho. Ujuzi wote alioubeba kutoka kule ulikuwa wa lami ile, ya jua lile. Alitembea mita mia mbili kama mgeni wa kazi.

Kisha akapiga moyo konde. Kama njia haielekei jua, ataielekea yeye. Akavuka mpaka ukingo wa magharibi, akageuka, akatembea kukabili jua mpaka ukingo wa mashariki, akarudi magharibi kwa kukimbia kidogo, akageuka tena. Mshono wa kwenda na kurudi, kama mkewe anavyofunga pindo. Vivuli vikaanza kuja, vya mistari ya rangi, vya mabonde madogo ya lami. Miguu ilimuuma, jasho lilimtoka, lakini alikuwa akiona. Kwa saa nzima alisahau mkuu, alisahau gari, alisahau kilichokuwa mfukoni. Alikuwa akifanya kazi yake, na alikuwa akiifanya vizuri.

Akafika mwisho wa kusini saa moja na dakika ishirini na tano. Kopo lilikuwa tupu. Njia ilikuwa safi kweli. Yule binti hakuwa amesema uongo, wala kamera yake.

Mbele yake, kwa mbali, lilikuwa jengo la kioo lenye bendera, na watu wamejipanga kungoja ndege. Mkuu alikuwa miongoni mwao. Baada ya dakika chache angekuja na kusema, "Je, mzee wangu?" Mzee Kopo akatia mkono mfukoni.

Alikuwa akiitafuta ili aitie koponi, au ili aitupe mbali kwenye nyasi? Hata alipokuwa mzee zaidi, na hana tena wa kumficha, alisema hajui. Mkono uliingia mfukoni, ukapita, ukatokea upande wa pili. Vidole vilimgusa paja. Mfuko ulikuwa umefumuka wote, na nati haikuwemo.

Akageuka kuitazama njia. Kilomita tatu na nusu za lami safi, na mahali fulani humo, kwenye mshono wake wa kwenda na kurudi, amelaza nati ya chuma ukubwa wa fundo la kidole gumba. Hakuna mwingine aliyeweza kuiingiza. Gari lilikuwa limepita mara mbili likasema safi, na lilisema kweli, mpaka yeye alipoingia.

Redio ikakoroma. "Mkaguzi, hapa mnara. Ndege iko dakika kumi na nane. Tupe hali ya njia."

Neno moja tu lilitakiwa. Safi. Nati moja kwenye njia pana namna ile, magurudumu yangeweza kupita kando mara elfu. Na kama isingepita kando, nani angejua ilikotoka? Aliifikiria hiyo elfu kwa muda wa pumzi moja. Kisha akaona watu wanaogombania dirisha.

"Mnara, hapa mkaguzi. Njia si safi. Narudia, njia si safi. Ndege isitue."

Kisha sauti ya mnara, imepanda kidogo: "Mkaguzi, umeona nini?"

"Sijaona. Nimeangusha. Nileteeni gari."

Gari jeupe lilimfikia kwa dakika tatu. Binti alimfungulia mlango bila kuuliza, naye akaingia na kopo lake mapajani.

"Ni nati," akasema. "Ya kutu. Nilitembea kwa kukata njia, ukingo kwa ukingo. Inaweza kuwa popote."

"Sawa, baba." Akageuza gari. Hakumwita mzee tena, akamwita baba, na Mzee Kopo akaona hilo lilikuwa zito kuliko matusi.

Wakaenda polepole, yeye akitazama nje ya kioo, binti akitazama kioo chake cha kamera. Juu yao ndege ilitokea kwenye mawingu, ikateremka, kisha ikainua pua na kuanza kuzunguka. Kwenye jengo, mtu wa kipaza sauti, ambaye hakuwa ameambiwa kitu, alitangaza kwamba rubani anawazungushia wageni ili wauone mji wetu mzuri. Watu wakapiga makofi. Ndege ikazunguka mara ya pili, makofi yakapungua.

Gari likalia. Mzee Kopo alikuwa akitazama upande ule ule na hakuwa ameona kitu. Binti akashuka, akatembea hatua nne, akainama, akarudi na nati kwenye kiganja.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo yenyewe."

Akaita mnara mwenyewe, akawaambia njia ni safi. Walipotoka langoni, ndege ilikuwa inagusa lami nyuma yao. Wote wawili wakasikiliza. Iligusa vizuri.

Mkuu alikuja mbio, tai imegeuka mgongoni. "Mzee wangu, umenimaliza! Wakubwa wamezungushwa juu kama pia! Nati gani? Imetoka wapi?"

"Kiwanja cha zamani. Ilikuwa mfukoni mwangu."

"Mfukoni mwako? Wewe? Wewe uliyenivua saa yangu ya arusi langoni?" Mkuu alikuwa anamtazama kama mtu aliyekuta choo kiko jikoni. "Uliileta ya nini huku?"

Mzee Kopo angeweza kusema ukumbusho. Alikuwa ameshamwambia mkewe hivyo, na haikuwa uongo wote.

"Niliileta ili niiokote," akasema.

Hasira ilimtoka mkuu taratibu, na kilichobaki usoni kilikuwa kibaya zaidi kukitazama. Akairekebisha tai yake, akaenda kuwapokea wakubwa.

Binti alikuwa na kitabu cha taarifa wazi juu ya boneti. Kalamu ilikuwa imesimama.

"Naweza kuandika kitu kimepatikana, basi," akasema kwa sauti ya chini. "Hawatasoma zaidi ya hapo."

"Andika nati moja yenye kutu, imeangushwa na mkaguzi. Weka na saa." Akangoja mpaka akaona ameandika. "Na ujenge rafu hapo mlangoni, mwanangu. Ya mbao inatosha."

Kwa hiyo alikwenda kulinda nyasi, kama walivyopatana. Hakuokota ambacho gari limekiacha. Mkuu hakumfukuza, na hakuja kumtembelea. Dereva wa zimamoto ndiye aliyekuja, akamtania kwamba amekuwa mtu wa kwanza katika historia kuzungusha wakubwa bila kuwaahidi barabara. Mzee Kopo alicheka, kwa sababu ilikuwa ya kuchekesha.

Kiwanja cha zamani kilianza kufa kama nyumba isiyo na watu. Nyasi zilitoboa lami. Waya wa uzio uliibwa vipande. Kibandani, Mzee Kopo alitumia majuma mawili kutenganisha vioo na skrubu kwenye lile pipa la takataka, kisha akaona hana karatasi za kujua ipi ilikuwa ya lini, akaacha.

Miezi minne baadaye yule binti alikuja siku yake ya mapumziko, na mkate na sukari mkononi. Alikaa kwenye ngazi ya kibanda, akaeleza habari. Rafu ipo. Mkuu alinuna siku mbili, kisha yeye mwenyewe akaagiza fundi. Sasa hata mwenye gari la kukagua anamwaga mifuko kabla ya kupanda. Na juu ya rafu binti mwenyewe amening'iniza ile nati kwa waya.

"Watu wakiiulizia unawaambia nini?" Mzee Kopo akauliza.

"Nawaambia watoe vitu mifukoni, wasije wakawa kama wewe."

Alimtazama kuona kama amemuumiza. Mzee alikuwa akicheka mpaka akashika ubavu, kisha akapangusa macho, na haikujulikana yalikuwa ya kicheko kwa kiasi gani.

"Waambie hivyo hivyo," akasema. "Usibadilishe."

Mkewe alimshonea mfuko ule kwa uzi wa magunia, mishono mitatu. "Sasa hata ukitia nyundo," akamwambia.

Lakini hatii kitu. Kila asubuhi jua likichomoza mwisho wa mashariki wa ile njia ya zamani, ndege ya kwanza hupita juu kabisa, inaelekea kusikokuwa hapa, wala haimtupii jicho. Mzee Kopo husimama langoni, mbele ya rafu yake aliyoigongelea akiwa kijana. Hutoa funguo za kibanda, hutoa kiberiti, hutoa miwani, huviweka kimoja kimoja. Kisha hupapasa mifuko yote miwili kuhakikisha, hushika kopo, na kuingia njiani kuelekea jua.